Kabla ya kugawa vyerehani, lipeni ankara za akina mama

Kila ikikaribia tarehe 8 Machi simu yangu haitulii. Wanaopiga ni maofisa wa kampuni za hapa Dar es Salaam, na swali lao ni moja: mwaka huu akina mama tuwape nini? Vyerehani? Taulo za kike? Majiko ya gesi? Nina miaka kumi na mbili katika kazi ya kushauri kampuni kuhusu uwajibikaji wao kwa jamii, ile wanayoiita CSR maofisini. Siku hizi kabla sijajibu naomba kwanza nione orodha ya watoa huduma ambao kampuni haijawalipa.

Aliyenifundisha kuiomba orodha hiyo ni mweka hazina wa kikundi kimoja cha Vingunguti. Wako kumi na wanane, wengi wao mama lishe, na wana kikoba chao cha kuweka akiba na kukopeshana. Nilikwenda kuwatembelea Jumamosi moja jioni. Sanduku lao ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanachama watatu wa nyumba tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Lilipofunguliwa niliona vijitabu vya hisa, muhuri, kidau cha wino, na bahasha ya mfuko wa jamii yenye shilingi elfu ishirini na kitu. Fedha za kukopeshana hazikuwepo hata senti. Kwenye kona ya chumba kulikuwa na vyerehani vinne vimefunikwa kanga, vibandiko vya nembo ya kampuni havijabanduka.

Kampuni iliyotoa vyerehani ndiyo hiyo hiyo waliyokuwa wakiipikia chakula cha mchana kiwandani. Ilikuwa haijawalipa kwa miezi mitatu. Mweka hazina akanitandazia ankara mkekani, zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa. "Mwanangu, vyerehani tunashukuru," akasema. "Lakini sisi ni wapishi."

Hafla ya kukabidhi vyerehani vile niliipanga mimi. Niliagiza mahema, vitenge vya sare na ule mfano wa hundi wa kupigia picha. Sikuuliza wanafanya biashara gani, wala sikuuliza kama kampuni inadaiwa nao. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo maana naandika.

Tufanye hesabu. Chukua kikundi kinachopika sahani 120 kwa siku, kila sahani shilingi 2,500. Hiyo ni laki tatu kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, mwezi unatoa milioni 6.6. Kampuni inasema ankara ya mwezi italipwa baada ya siku 60. Maana yake, mpaka shilingi ya kwanza iingie, akina mama wamepika miezi mitatu, chakula cha karibu milioni 20. Kama katika kila shilingi kumi saba zinaishia sokoni kwa mchele, maharage, mafuta na nishati, basi wametoa mfukoni karibu milioni 14. Muuza mchele wa Tandale hasubiri siku 60. Kwa hiyo wanakwenda kukopa, na mkopo unaopatikana siku hiyo hiyo bila dhamana ya nyumba ni ule wanaouita kausha damu. Anapita kijana na daftari lake kila jioni kukusanya marejesho, na ukikosa anabeba friji au televisheni. Faida yote ya kupika inaondoka na yule kijana. Kampuni kubwa yenye akaunti benki inakuwa imekopeshwa na mama lishe, bila riba, na riba anailipa yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhitaji bajeti mpya. Kampuni ijiwekee kanuni kwamba mtoa huduma mdogo analipwa ndani ya siku 14, na penye uwezekano apewe malipo ya awali ya kuanzia. Mhasibu mkuu ndiye wa kukaa naye hapa, kabla hata ya ofisa uhusiano.

Pili, zabuni zikatwe vipande. Zabuni moja ya chakula cha matawi yote, inayodai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, imeandikwa kwa ajili ya kampuni nyingine kubwa. Ikatwe tawi kwa tawi, na masharti yabaki yale ya msingi: namba ya mlipakodi, leseni, vyeti vya afya vya wapishi, risiti halali. Kikundi kikikwama kwenye mashine ya risiti, hapo fedha ya CSR ina kazi ya maana. Serikali imeshatangulia: Sheria ya Ununuzi wa Umma inazitaka taasisi zake zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kampuni binafsi haibanwi na sheria hizo, lakini inaweza kwenda kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata na kuomba orodha ya vikundi vilivyosajiliwa. Inashangaza ni wangapi hawajawahi kugonga mlango ule.

Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 2010 kanuni saba za kampuni kuhusu uwezeshaji wa wanawake. Uongozi ni ya kwanza, manunuzi yamo katika ya tano, na jamii inayozunguka kampuni ni ya sita. Kampuni zetu nyingi zinaanzia hiyo ya sita na kuishia hapo hapo.

Nisiruke walio ndani ya geti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Sasa nenda kwenye maghala ya Barabara ya Nyerere ukawaulize wanawake wanaochambua na kufungasha. Wengi ni vibarua wa kutwa, mwaka wa tatu, wa nne. Mimba ikionekana, kesho jina haliitwi getini. Kampuni ya namna hiyo ikienda kugawa taulo za kike shuleni mimi siandiki taarifa yake, nimeshakataa mara mbili. Iwape mikataba kwanza. Itafute chumba chenye mlango unaofungwa, kiti na friji ndogo, mama akamue maziwa kwa heshima. Na zamu ikiisha saa sita usiku, gari liwafikishe nyumbani.

Semina za ujasiriamali sizipingi, ila nusu siku hotelini na chai haimtoshi mtu aliyefanya biashara miaka ishirini.

Wale wa Vingunguti sasa wanalipwa kila baada ya wiki mbili. Ilichukua vikao vinne na mkurugenzi wa fedha, na hesabu ile ya milioni 14 niliiandika ubaoni mbele yake. Vyerehani waliviuza kwa fundi wa mtaa wa pili, wakaongeza sufuria kubwa mbili na hotipoti. Mwezi uliopita malipo yalichelewa siku nne. Mweka hazina akanipigia saa moja asubuhi, nami nikampigia mhasibu. Kufikia adhuhuri ujumbe wa muamala ulikuwa umeingia.