Chapati, reli na "Wahindi wetu": tunayosema na yaliyotokea

Kaa kwenye kibanda chochote cha chai, Nairobi au Dar es Salaam, wataje Wahindi, kisha nyamaza usikilize. Kuna kauli nne ambazo hazikosi, na kila moja husemwa kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo.

"Walikuja kujenga reli." Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na ni nusu ya ukweli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kutandaza reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Wapatao 2,500 walikufa, wengi kwa maradhi na ajali (simba wala watu wa Tsavo wamepewa sifa kuliko kazi waliyofanya). Mkataba ulipokwisha, wengi walirudi kwao. Waliobaki hawakufika 7,000. Wenye maduka unaowajua asili yao hasa ni Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, na hawakuletwa na mtu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuta vyombo vya Wahindi vimetia nanga. Na Unguja, miongo kadhaa kabla ya reli, forodha ya Sultani ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji.

"Utamaduni wetu ulikuwa safi mpaka wageni walipouchafua." Anayesema hivi mwombe ahesabu pesa zake. Pesa ni neno la Kihindi. Laki pia, na gari analopanda kwenda kazini. Bepari kwao ni mfanyabiashara tu. Sisi tulilichukua, tukaliingiza kwenye siasa, likatoka likiwa tusi.

Lakini mimi huwa nawapeleka jikoni. Chapati ya kila siku ya India ni nyembamba, kavu, hupikwa juu ya chuma bila mafuta. Yetu hutiwa mafuta, hukunjwa kama konokono, husukumwa tena, hukaangwa mpaka iachane tabaka kwa tabaka. Ina undugu zaidi na paratha, mkate wa Kihindi wa tabaka, ila jina tumeshikilia lile lile. Tunaila na maharage, ndengu au mchuzi wa nyama, na katika nyumba nyingi za Kenya Krismasi bila chapati si Krismasi. Mkate wa kila siku wa watu wengine umekuwa chakula chetu cha sikukuu. Nani kamchafua nani hapo? Na mahindi, licha ya jina lake, hayana asili ya India. Ni zao la Amerika. Nenda kamwambie mtu ugali wake ni mgeni uone atakavyokutazama.

"Hawachanganyiki kwa sababu ndivyo walivyo." Hii ndiyo kauli yenye mzizi mrefu. Majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hayakuota yenyewe: mkoloni aliigawa miji kwa rangi, akagawa shule, hospitali, hata mabehewa ya treni. Nyanda za juu za Kenya zilitengwa kwa Wazungu. Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba huko, akabaki nyuma ya kaunta. Watoto wasiosoma pamoja wala kuugua pamoja watachanganyika wapi?

Hata hivyo sitawaosha wakatakata. Matabaka walikuja nayo, na dharau ipo, haihitaji kusimuliwa kwa aliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba zao. Chakula kimevuka, maneno yamevuka. Ndoa mpaka leo inabisha hodi nje.

Ila wapo waliovuka kwa njia nyingine. Makhan Singh, mwana wa vyama vya wafanyakazi, alidai hadharani uhuru kamili Nairobi, Aprili 1950. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa hadi 1961. Pio Gama Pinto, Mgoa (mwenye asili ya Goa, India) mzaliwa wa Nairobi, aliuawa kwa risasi Februari 1965 akiwa mbunge wa Kenya huru. Serikali ya Kenya ilikuja kuwatambua Wakenya wa asili ya Asia kama kabila la 44 mwaka 2017. Wengine tulidhani lilikuwa jambo lililokwisha zamani.

"Wakiondoka tutatajirika." Uganda ilijaribu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke nchini. Maduka yakagawiwa askari na marafiki, rafu zikabaki tupu, na neno lililotawala likawa magendo. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilianguka. Miaka ya 1980 familia za Madhvani na Mehta, zilizovimiliki awali, zikarudi kuvifufua.

Zaidi ya 27,000 kati ya waliofukuzwa walipokelewa Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilikuwa limeshalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije: nyumba zimejaa, shule zimejaa. Walikwenda hivyo hivyo. Leo mji huo huo hujivunia Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ya Barabara ya Belgrave, na ukiingia mkahawani utakuta "kuku paka", kuku wa nazi, jina lake halijatafsiriwa. Agiza "mogo", utaletewa muhogo wa kukaanga wenye pilipili. Muulize kijana aliyezaliwa pale neno hilo limetoka wapi, na huenda akakujibu kwamba ni Kigujarati.