Vita vilikwisha, njaa ikaanza: dhana potofu kuhusu familia za Wajerumani

Ukitaja maisha ya familia za kawaida Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, wengi huwaza mabomu na njaa. Mabomu ni kweli. Njaa nayo ilikuwepo, ila watu huiweka miaka isiyo yake.

Dhana: Walilala njaa miaka yote ya vita, amani ilipokuja wakashiba.

Kadi za mgao wa chakula zilianza kutumika mwishoni mwa Agosti 1939, siku chache kabla ya Poland kuvamiwa, na kwa sehemu kubwa ya vita mwenye kadi alikula. Mgao wa mkate na nyama ulipopunguzwa Aprili 1942, watu walinung'unika mno, na kufikia Oktoba serikali ya Hitler ikauongeza tena. Chakula hicho kilitoka wapi? Kilikombwa Ukraine, Poland, Ufaransa na kwingineko. Waliokufa njaa ni wa huko. Hata mashamba ya Ujerumani yenyewe yalilimwa na Wapoland na Waukraine walioletwa kwa nguvu.

Njaa yenyewe ilibisha hodi baada ya 1945. Cha kupora hakipo tena, reli zimevunjika, na mamilioni ya Wajerumani waliofukuzwa kutoka mashariki mwa Ulaya wanatafuta pa kulala. Katika baridi kali ya 1946/47, Berlin walishakata karibu miti yote ya bustani ya Tiergarten kwa kuni, na mahali pake wakapanda viazi. Kwenye miji ya Ruhr, eneo la viwanda magharibi mwa nchi, kuna wakati mgao ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Akina mama walijazana kwenye treni za kwenda vijijini wamebeba mashuka, saa, hata pete za ndoa, wakabadilishe na wakulima wapate viazi. Wakirudi, huenda polisi wanawasubiri stesheni na kuwanyang'anya. Watoto walidandia mabehewa kuiba makaa ya mawe. Desemba 31, 1946, Kardinali Josef Frings wa Köln alihubiri kwamba mtu anaweza kuchukua anachohitaji ili aishi, ikiwa hakipati kwa kazi wala kwa kuomba. Waumini hawakusubiri kuambiwa mara ya pili.

Dhana: Watu wa kawaida hawakujua lolote kuhusu yaliyowapata Wayahudi.

Mjini Hamburg, vitanda, mashine za kushona na nguo za Wayahudi waliopelekwa kuuawa viliuzwa kwenye minada ya hadhara, ikitangazwa magazetini. Vingine vilikuja kwa meli kutoka Uholanzi. Wanahistoria wanakadiria kuwa wanunuzi wa Hamburg na maeneo jirani hawakupungua 100,000. Mtu anayenunua kabati lenye alama za matumizi ya wenzake, na wenzake hao hawaonekani tena mtaani, ni vigumu kumwamini akisema hakujua chochote.

Dhana: Familia zote zilikuwa za Wazungu watupu.

Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam na askari mtoto wa jeshi la Wajerumani katika vita vya kwanza, alihamia Berlin, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na mwaka 1933 akaoa Mjerumani. Walipata watoto. Alikamatwa 1941 kwa uhusiano na mwanamke mwingine mzungu, akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen Novemba 1944.

Dhana: Wanawake ndio walioondoa vifusi vya miji yote.

Berlin walikuwepo kwa maelfu, wengi wakifuata kadi nono ya mgao. Kwingineko kazi kubwa ilifanywa na makampuni yenye mashine, wafungwa wa kivita na wanachama wa zamani wa chama cha Nazi walioamriwa.

Dhana: Baba akirudi, mambo yanatengemaa.

Wafungwa wa kivita wa mwisho, karibu 10,000, waliachiwa na Urusi ya Kisovieti kuanzia Oktoba 1955, na wa mwisho wao wakafika Januari 1956. Waliotangulia walikuta watoto wasiowatambua na wake waliozoea kuamua wenyewe. Talaka zilifikia kilele 1948. Wajane wengi, kwa upande wao, waliishi na mwanamume bila kufunga ndoa, maana siku wangeolewa pensheni ya marehemu ingekatwa.