Viazi havipandi ghorofa

Juzi kaja mwingine. Mama mmoja wa Sakina, hapa Arusha, simu mkononi, ananionyesha picha ya kiroba cha viazi mviringo kilichosimama wima kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Miezi mitatu na nusu amekuwa akiongeza udongo kila majani yalipochomoza, kama alivyoona kwenye video inayoahidi viazi vitajaa kiroba kizima, chini mpaka juu. Siku ya kuvuna akakipasua kwa wembe kuanzia juu, watoto wamejipanga na beseni. Udongo. Udongo tena. Viazi tisa, vyote kwenye shubiri moja ya chini.

"Bwana shamba, au ile mbegu uliyonipa ilikuwa mbovu?"

Mama yangu, mbegu haina kosa. Nimeshaeleza jambo hili pale kitaluni mpaka koo limekauka, leo naliandika.

Kiazi mviringo si mzizi. Ni shina lililonenepa, ndiyo maana lina macho. Kwenye vifundo vya shina lililofukiwa vinatoka vikonyo vyeupe vinavyotambaa gizani, na ncha ya kikonyo ikivimba, hicho ndicho kiazi. Hapo ndipo wa video wanapopatia hesabu yao: fukia vifundo vingi, upate vikonyo vingi, ujaze kiroba mpaka mdomoni. Mmea haujui hesabu hiyo. Vikonyo vingi hutoka kwenye vifundo vya chini, jirani na mbegu, yaani kiazi ulichopanda, tena mapema. Vitumba vya maua vikionekana, mara nyingi viazi vimeshaanza kuvimba, na chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka kuvinenepesha hivyo vilivyopo. Wewe ukifukia nusu ya majani wakati huo umezima nusu ya mafiga. Mmea utaacha kulisha viazi uanze kujenga jiko lingine juu.

Nina hisia kwamba tunachanganya na viazi vitamu. Marando yakigusa udongo popote yanatoa mizizi, na kila aliyekulia kijijini ameyaona. Lakini hiyo ni familia nyingine kabisa. Kiazi mviringo ni ndugu wa nyanya na biringanya, na undugu huo una madhara yake: udongo uliotoa nyanya zilizonyauka usiurudishe kwenye kiroba cha viazi. Ugonjwa wa mnyauko hauulizi umehamia chombo gani.

Basi kupandishia udongo kuna faida gani? Kubwa ni kuzuia mwanga. Kiazi kikipigwa na jua kinageuka kijani, kinatengeneza sumu iitwayo solanini, kinakuwa kichungu, na kukichemsha hakuiondoi. Pia nondo wa viazi anapata shida kuvifikia. Kwa kazi hiyo sentimita 15 hadi 20 juu ya mbegu zinatosha. Si mita nzima!

Sasa niseme linalonisumbua. Mwaka mmoja nilinunua viazi vyekundu soko la Kilombero hapa mjini, vikachipua ndani, nikavipanda kwa uvivu tu. Kiroba kimojawapo kilitoa viazi ngazi mbili, vya juu vikiwa sentimita 25 hivi kutoka kwenye mbegu. Aina zinazochelewa kukomaa huwa na tabia ya kuendelea kutoa vikonyo, kwa hiyo inawezekana. Nimejaribu kurudia mara tatu na vyekundu vya soko hilohilo, nikapata chini tu. Muuzaji wa sokoni hauzi jina la aina, anauza kiazi. Kwa hiyo atakayeniambia kwake vilipanda, sitamwita mwongo. Nitamuuliza alipata kilo ngapi. Kiroba changu bora cha lita 40, mbegu tatu, kilinipa kilo tatu na nusu. Vingi havifiki mbili.

Kinachoua mavuno kimyakimya ni joto, na hilo halina video. Shemeji yangu wa Majengo, Moshi, alipanda Januari kwenye viroba vyeusi juu ya sakafu ya zege. Majani yalikuwa ya kupigiwa picha, chini vipele kama karanga. Kiazi kinapenda udongo wa nyuzi 15 hadi 20. Ukipita 25 kwa muda mrefu, mmea unaota majani na kusahau viazi. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini haifiki 1,000. Aliye Moshi apande mwisho wa Mei avune kabla joto halijarudi, atumie kiroba cheupe, akiweke mahali pa jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Au akaombe kiwanja kwa wajomba Kibosho, juu mlimani kwenye baridi.

Mengine haraka. Udongo madebe mawili, samadi iliyoiva debe moja, mchanga kidogo. Toboa kiroba chini, maji yasituame. Panda mbegu iliyochipua. Kiazi kilichovunwa wiki iliyopita bado kimelala, hakichipui. Vitabu vinaruhusu kukata mbegu vipande na kuacha kidonda kikauke siku mbili. Vyangu nusu vilioza, nimeacha, napanda vidogo vizima vya ukubwa wa yai. Masika kagua majani kila siku, bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani, likiingia hutapata wiki mbili za kufikiria.

Yule mama nilimwambia udongo aliorundika unatosha viroba vinne vifupi, mbegu tatu kila kimoja, agawe tu aanze upya. Akaandika kwenye simu yake vizuri, akashukuru, akafika getini, akageuka.

"Na nikiongeza urea, bwana shamba, si vitapanda?"

Vitapanda, mama. Majani.