Mkristo na mageuzi: yanayosemwa sana na yaliyo kweli

Mwanafunzi wa kidato cha nne husoma mageuzi, yaani viumbe kubadilika polepole vizazi kwa vizazi, kwenye somo la baiolojia, kisha Jumapili huambiwa kwamba anayeyakubali ameikana Biblia. Wengine hujibu mtihani huku dhamiri ikiwasuta. Wengine, na hili ndilo linaloniuma, huamini kweli kwamba lazima wachague, wakaishia kuondoka kanisani. Mzigo huo hawakutwikwa na Maandiko. Wametwikwa na maneno yanayorudiwa bila kuchunguzwa.

La kwanza, kwamba eti mtu alitokana na nyani, halihitaji muda mrefu. Hakuna mwanabaiolojia anayefundisha kwamba nyani wa leo aligeuka mtu. Kinachofundishwa ni kwamba binadamu na sokwe wana mababu wa pamoja, na koo zao zilitengana yapata miaka milioni sita au saba iliyopita. Sokwe ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 48, sisi tunazo 46, na kromosomu yetu ya pili ina alama za kromosomu mbili za kale zilizoungana. Anayeuliza "mbona nyani bado wapo?" anapinga jambo ambalo halijasemwa na mtu.

Zito zaidi ni hili: "Kanisa siku zote liliamini siku sita za saa 24, na wanaosoma vinginevyo wameinyenyekea sayansi." Si kweli, na wa kwanza kutuonyesha hivyo ni Waafrika. Origen, mwalimu wa Kanisa kutoka Aleksandria ya Misri, katika karne ya tatu, aliuliza ni mtu gani mwenye akili atakayedhani kwamba siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi bila jua, mwezi wala nyota. Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo na askofu wa Hippo, aliandika ufafanuzi mrefu wa Mwanzo mwanzoni mwa karne ya tano, kazi iliyomchukua zaidi ya miaka kumi. Alifikia kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na kwamba siku sita zile si za kalenda. Humo humo aliwaonya Wakristo wanaozungumza ovyo habari za mbingu na nchi kwa jina la Maandiko: asiyeamini anayezijua habari hizo atawacheka, na atawasadikije wakimwambia juu ya ufufuo wa wafu?

Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza, kuchapisha kitabu chake cha mageuzi mwaka 1859, kwa hiyo haiwezekani kusema walikuwa wakimkimbia. Ni kweli pia kwamba Basil wa Kaisaria, askofu wa karne ya nne, alizichukua siku zile kuwa siku za kawaida. Kanisa linamheshimu yeye na linamheshimu Agostino. Tofauti ya usomaji ni ya zamani, na haikuwahi kuwa kipimo cha wokovu.

Wapo wanaodhani Biblia imetaja umri wa dunia. Mwaka 4004 kabla ya Kristo ni hesabu ya James Ussher, askofu mkuu wa Ireland, aliyeichapisha mwaka 1650. Baadaye iliwekwa pembezoni mwa Biblia za Kiingereza, na wasomaji wengi wakaichukulia kana kwamba ni sehemu ya Neno lenyewe.

Sasa usome Mwanzo wenyewe, taratibu. Nuru ipo siku ya kwanza, jua linakuja siku ya nne. Katika sura ya kwanza mimea na wanyama hutangulia na mtu huja mwisho. Katika sura ya pili mtu anaumbwa kabla ya mche wa kondeni kuota, na wanyama wanaletwa kwake baadaye. Aliyeziweka sura hizo bega kwa bega aliliona hilo kama unavyoliona wewe, na halikumsumbua, kwa sababu hakuwa akiandika ratiba. Siku tatu za kwanza Mungu anatenga: nuru na giza, anga na maji, bahari na nchi kavu. Siku tatu zinazofuata anazijaza sehemu hizo hizo: mianga, kisha ndege na samaki, kisha wanyama na mtu. Jua na mwezi, vilivyoabudiwa Babeli na Misri, hapa ni taa tu zilizopewa kazi. Kwa Mwisraeli aliyezungukwa na miungu hiyo, hilo lilikuwa tangazo la kutikisa, nasi tunalipita mbio ili tubishane juu ya saa.

Kuhusu Darwin mwenyewe, pande zote mbili husema uongo. Hakuanza kwa chuki na Mungu: alisoma Cambridge akikusudia kuwa kasisi. Imani yake ya Kikristo ilimtoka polepole, lakini mwaka 1879 aliandika katika barua kwamba mtu anaweza kumwamini Mungu kwa dhati na akakubali mageuzi, akamtaja Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, kuwa mfano. Na ile hadithi kwamba alitubu kitandani akiyakana mageuzi? Ilichapishwa mwaka 1915, miaka 33 baada ya kifo chake, na binti yake aliyekuwapo alipofariki aliikanusha. Tusiihubiri tena.

Wengine husema: "Mifupa ile ya watu wa kale ni ya kubuni ya Wazungu." Udanganyifu umewahi kutokea: fuvu la Piltdown, Uingereza, lililotangazwa mwaka 1912 kuwa la mtu wa kale. Waliolifichua, mwaka 1953, ni wanasayansi wenyewe. Lakini mifupa ya kijana wa Turkana, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5, iligunduliwa mwaka 1984 na Mkenya, Kamoya Kimeu. Na nyayo za Laetoli, za viumbe wa kale waliotembea kwa miguu miwili, zenye zaidi ya miaka milioni 3.6, ziko Tanzania, kwenye majivu ya volkano yaliyoganda.

Wapo pia wanaosema mageuzi yamethibitisha hakuna Mungu. Mifupa na jeni havina kipimo cha jambo hilo. Mtunga zaburi anasema Mungu alimuunga tumboni mwa mama yake, na hakuna anayedai kwamba elimu ya uzazi imeikanusha Zaburi ya 139.

Pagumu kweli ni kwa Adamu. Warumi 5 inasema mauti iliingia kwa dhambi ya mtu mmoja, ilhali wanyama walikuwa wakifa mamilioni ya miaka kabla ya binadamu. Lakini Paulo anasema mauti iliwafikia watu, na Zaburi ya 104, katikati ya kusifu uumbaji, inamwonyesha simba akitafuta mawindo kwa Mungu. Jenetiki nayo inaonyesha kwamba mababu zetu walikuwa maelfu, si wawili tu. Wapo Wakristo wanaomwona Adamu kuwa mtu halisi aliyeteuliwa miongoni mwa wengi. Wengine humwona kuwa mwakilishi wa wanadamu wote. Papa Pius XII, mwaka 1950, aliruhusu utafiti juu ya asili ya mwili wa binadamu lakini akasita kwenye wazo kwamba wanadamu walitokana na wazazi wengi, si wawili. Mimi naelekea kwa wale wa kwanza, na najua hoja hiyo ina mapengo. Kijana akiuliza hili kwenye darasa la kipaimara, aelezwe mitazamo yote, pamoja na mapengo yake.