Maktaba ya nje, na pale isipotegemeka

Katika uandishi wa programu, maktaba ni msimbo ulio tayari unaouingiza kwenye kazi yako ili usianze upya: kupanga tarehe, kubana faili, kulinda nywila. Ikiwa hukuuandika wewe wala timu yako, na haukuja na lugha yenyewe, hiyo ni maktaba ya nje. Neno lenyewe linapotosha kidogo. Kitabu cha maktaba huazimwa kikarudishwa. Msimbo huu ukishaingia unakaa, na kasoro zake zinakuwa zako mbele ya mtumiaji.

Tena hauji peke yake. Maktaba moja hutegemea nyingine, nazo zina zao, hata aliyeomba moja akajikuta na mamia. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kazi zake kwenye npm, ghala la maktaba za lugha ya programu ya JavaScript. Mojawapo ilikuwa left-pad, mistari 11 tu ya kuongeza nafasi kushoto mwa neno hadi lifikie urefu unaotakiwa. Miradi mingi ikagoma kujengwa, hata inayotumia Babel, zana maarufu ya kugeuza JavaScript mpya ieleweke na vivinjari vya zamani, na wengi waliokwama hawakujua kwamba wanaitumia.

Hiyo angalau ilipiga kelele. Mwaka 2024 msimbo wa hila ulikutwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana data, ukiwa umepachikwa na mtu aliyeaminiwa kuitunza. Mhandisi wa programu Andres Freund aliunasa kwa sababu kuingia kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde!

Wakati mwingine kizuizi si hofu bali masharti: leseni ya GPL, inayodai msimbo ubaki wazi, isiyoendana na bidhaa ya msimbo uliofungwa, kifaa chenye kumbukumbu finyu, au mtambo usioruhusiwa kugusa intaneti.

Hata hivyo, kutoitegemea maktaba si lazima kuiacha. Wengi huhifadhi nakala yake ndani ya mradi, hufunga namba ya toleo ili lisibadilike lenyewe, na husoma mabadiliko kabla ya kuyapokea. Kazi ndogo kama ile ya left-pad iandike mwenyewe, ni ya dakika chache. Usimbaji fiche, yaani kuficha data ili wasiohusika wasiisome, usiujaribu: wa kwako utaonekana unafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku mtu atakapouvunja.