Godlisten, Shida na Mtumwa: tunayodhani kuhusu majina ya watoto

Mwalimu anaita majina asubuhi, anafika kwa Shida au Godlisten, darasa zima linaangua kicheko. Kicheko hicho kinaniuma. Mtoto hakujipa jina, na aliyempa alikuwa na jambo la kusema.

Dhana: Majina ya kubuni wameyaleta wazazi wa siku hizi.

Mwaka 1922, kule Butiama, mtoto wa Mtemi Burito alizaliwa mvua kubwa ikinyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Ndiye Mwalimu Nyerere; jina la Julius lilikuja baadaye sana, alipobatizwa mwaka 1943. Mvua hiyohiyo ndiyo iliyowapa Waluo jina la Okoth na Wasukuma jina la Mabula. Kwa Wasukuma tena, ukisikia Shija unajua mbele yake walitangulia mapacha, Kulwa na Doto. Pwani wako akina Chausiku, Mwajuma na Jumanne, ambao majina yao yanakutajia saa au siku waliyozaliwa.

Ila mimi huvutiwa zaidi na Kilimanjaro na Upare. Huko utakutana na wazee waitwao Elibariki, Elirehema, Eliamani. "Eli" ni Mungu wangu kwa Kiebrania. Kilichobaki ni Kiswahili. Wazazi Wakristo walishona lugha mbili zikawa jina moja, tena kabla hatujajua simu ya mkononi ni kitu gani. Godlisten na Godbless wameshonwa kwa mshono uleule, kilichobadilika ni kitambaa tu. Anayemheshimu babu Elibariki na kumcheka mjukuu Godbless hajatambua kwamba majina hayo yanasema neno lilelile.

Dhana: Mzazi anayemwita mwanawe Shida, Tabu au Mashaka hampendi.

Hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote. Mara nyingi jina la namna hiyo halimsemi mtoto hata kidogo, linaisema nyumba aliyozaliwa: mimba ya mateso, mwaka wa njaa, msiba uliotangulia. Mengine ni sentensi kamili, kama Sikujua na Sikudhani. Hebu fikiria mama aliyeolewa ugenini, asiye na nafasi ya kulalamika mbele ya wakwe. Akimwita mwanawe "Sikujua!" toka uani, mawifi wanasikia, na hakuna wa kumuuliza amemtukana nani.

Waluo nao wana Ojwang', jina lenye maana ya kutupwa au kuachwa, ambalo hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa. Mzazi anajifanya hamtaki ili kifo nacho kisimtake. Mtu aliyekwisha kuzika watoto akachagua jina kama hilo, huo ni upendo wenye hofu ndani yake, na sioni cha kuchekwa hapo.

Dhana: Jina baya humvutia mtoto mkosi.

Siti binti Saad, mwimbaji mkubwa wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, aliitwa Mtumwa utotoni. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilopewa ukubwani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri zilizoipeleka sauti yake mbali na visiwani. Wapo wanaoshikilia methali ya "jina jema hung'ara gizani" kama ushahidi wa mkosi huo, lakini methali ile inazungumzia sifa anayojijengea mtu kwa matendo. Haihusiani na cheti cha kuzaliwa.

Dhana: Uhuru Kenyatta aliitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa Kenya ilipopata uhuru.

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1961, miezi michache baada ya baba yake kuachiwa kutoka kizuizini. Bendera ya Kenya huru ilipanda Desemba 1963. Jina lilitangulia tukio kwa zaidi ya miaka miwili, lilikuwa tumaini.

Dhana: Watoto wa baba mmoja lazima wabebe jina moja la ukoo.

Burundi na Rwanda, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Nkurunziza ni habari njema, Ndayishimiye ni shukrani kwa Mungu. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata herufi, na hakuna anayetilia shaka undugu wao.

Dhana: Jina likishasajiliwa halibadiliki.

Kwa sheria ya Kenya, mzazi aliyembadilishia mtoto jina anaweza kulisajili hilo jipya ndani ya miaka miwili tangu kuzaliwa kuandikishwe, kwa ada na uthibitisho. Kinachosumbua zaidi ni herufi. Happyness na Happiness kwa karani ni watu wawili, na tofauti hiyo hugundulika siku ya kuomba pasipoti. Kabla hujaondoka dirishani, msomee karani jina la mwanao herufi kwa herufi.