Bendera Haisajiliwi: Nembo za Dola Katika Alama za Biashara

Katika ofisi yetu ya kusajili alama za biashara, maombi yenye bendera, ngao au tai wa dola yameongezeka, na barua za manung'uniko baada ya kukataliwa zimeongezeka vilevile. Waombaji wengi wana nia njema. Wanaipenda nchi yao na wanataka bidhaa zao zioneshe hivyo. Kinachotuchosha ni hoja moja inayojirudia: bendera ni ya wananchi, nami ni mwananchi, basi ni yangu. Nusu ya kwanza ni kweli. Lakini kusajili alama ni kuwazuia wengine wasiitumie, na wengine hao ni wananchi pia.

Dola haishikiki. Mtu huiona kwa kitambaa, wimbo na muhuri. Afrika Kusini ilipandisha bendera mpya tarehe 27 Aprili 1994 ikiwa ya muda tu; watu wakaikumbatia, na Katiba ya 1996 ikaithibitisha. Waliokuwa pande mbili wakapata kitu kimoja cha kupunga.

Nembo hiyohiyo huweza kugombanisha. Mwaka 1977 wanaakiolojia walifukua kaburini huko Vergina, kaskazini mwa Ugiriki, sanduku la dhahabu lenye jua la miale 16. Mwaka 1992 Makedonia, jamhuri changa iliyotoka Yugoslavia, ililiweka jua hilo kwenye bendera yake. Ugiriki ikasema urithi wake umechukuliwa. Mwaka 1994 ikaizuilia jirani yake biashara, na mwaka 1995 ikaliwasilisha jua hilo kwa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, lilindwe kama nembo ya dola. Oktoba mwaka huohuo Makedonia ikabadilisha bendera. Pambo la kaburini lilikuwa limefika mpakani na bandarini. Anayetuandikia kwamba nembo ni urembo tu ausome mgogoro huo kwanza.

Utaratibu uko katika kifungu cha 6ter (yaani cha 6, sehemu ya tatu) cha Mkataba wa Paris, mkataba wa kimataifa wa kulinda miliki ya viwanda, si ule wa tabianchi. Bendera inalindwa bila kuwasilishwa popote, dhidi ya alama zilizosajiliwa baada ya tarehe 6 Novemba 1925. Ngao na nembo nyingine za dola huwasilishwa WIPO, nayo huziarifu nchi wanachama, na kila nchi ina miezi 12 ya kuweka pingamizi. Kinachokatazwa ni nembo yenyewe na mwigo wake pia, iwe alama nzima au kipande chake tu. Kwa hiyo kuongeza nyota au kukata pembe moja ya ngao hakusaidii. Kampuni moja ya nguo ya Ubelgiji ilijaribu kusajili jani la mepo, mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, pamoja na herufi mbili, ikidai halikuwa jani la Kanada. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliikatalia, kwa bidhaa na kwa huduma.

Mlango uliopo ni kibali cha mamlaka husika ya dola yenye nembo. Kitafutwe kabla ya kuleta ombi, kiwe cha maandishi, kitaje mchoro uleule. Picha ukiwa na kiongozi si kibali. Alama iliyopenya kimakosa huweza kufutwa baadaye, na adhabu ya kuitumia bila ruhusa hutegemea sheria ya kila nchi.

Vyama vya siasa navyo huleta michoro yenye ngao ya dola. Mgombea anayejifunika bendera jukwaani huwaambia wasiomtaka kwamba ni wageni kwao. Hilo linaamuliwa na sheria za uchaguzi, si sisi. Ila ngao ikija kusajiliwa, jibu letu halibadiliki.

Barua ya kukataa ikikufikia, usiijibu kwa kueleza uzalendo wako, hatujautilia shaka. Jibu ndani ya muda uliotajwa: ama leta kibali, ama liondoe ombi ulete jingine lenye mchoro usio na nembo. Katika ofisi nyingi, muda ukipita ombi huhesabiwa limeachwa, na ada hulipwa upya.